Marcella Igoki Anatoka Jikoni

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Marcella Igoki, ambaye sote tunamwita Mama Karimi, atavua aproni baada ya kuwapikia wasichana wa shule hii miaka thelathini na miwili. Aliingia mwaka wa 1993 akiwa wa kuchambua maharagwe. Anatoka akiwa mpishi mkuu, na anatoka na miguu yake miwili mizima, jambo ambalo kwa kazi ya jikoni si dogo.

Mwalimu Mkuu ameniomba mimi niseme habari zake kwa sababu nilikuwa mpishi mkuu kabla yake. Mimi sikwenda shule. Nasema, Joyline wa ofisini anaandika, na nimemwambia asinipambe maneno.

Mama Karimi alipokuja alikuwa msichana mwembamba wa Mbeere, mke wa Njiru, na mwiko wa ugali ulikuwa mrefu kuliko yeye. Mwezi wa kwanza alilia kwa moshi. Mwezi wa pili alilia kwa sababu nilimkemea. Baadaye hakulia tena, akawa ndiye anayewafuta wengine machozi. Mwaka ule wa njaa, lori la mahindi lilipochelewa, alizunguka kwa wakulima wa huku juu akaomba viazi na ndizi mbichi, na wasichana wakala mukimo wa kupondwa wakadhani ni sikukuu. Ndiye aliyeng'ang'ania tujengewe majiko ya kuokoa kuni, akamfuata mwenyekiti wa bodi hadi kwenye shamba lake la kahawa. Mwenyekiti alisema heri ajenge majiko kumi kuliko kumwona mama huyo tena kati ya mibuni yake.

Lakini kitu kilichotufanya tuamke saa kumi usiku bila kununa ni kingine. Mama Karimi alikuwa na mwili wa watu wengi. Akikoroga uji, alikuwa mwalimu wa hesabu anayetafuta miwani aliyoivaa. Akipakua githeri ya mahindi na maharagwe, alikuwa kasisi anayehubiri huku akiangalia saa. Siku moja alikuwa naibu wa Mwalimu Mkuu wa wakati huo, kifua mbele, makalio nyuma, kidole hewani, nasi tumeshika matumbo. Kumbe mwenyewe amesimama mlangoni. Hakukasirika. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwani mimi natembea hivyo kweli?" Mama Karimi alikimbilia stoo akajifungia kati ya magunia ya maharagwe, na chakula cha mchana siku hiyo kilichelewa. Nilimgongea hadi nikachoka. Ndani nilisikia akijisemesha, "Mtu mzima ovyo. Mtu mzima ovyo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kipaji alikuwa nacho, na kila kilipotoka nje alikiona kama nguo ya ndani iliyoanikwa barabarani.

Njiru alikufa Mama Karimi akikaribia miaka arobaini na minane. Nitasema wazi, kwa kuwa Mbeere nzima inajua: Njiru alikuwa mlevi. Hakuwa mlevi wa ngumi. Alikuwa mlevi wa kupotea njia. Tulimzika, Mama Karimi akarudi jikoni siku chache baadaye, na kwa mwaka mzima hakuiga mtu yeyote. Uji ulikuwa uji tu.

Wakati huo Mwalimu Gichovi, anayefundisha Kiswahili hapa, alikuwa na kikundi cha maigizo mjini Embu. Walifanyia mazoezi kwenye ukumbi mmoja karibu na mtaa wa Majimbo, na Jumamosi walinunua chai na mandazi kwa Mama Karimi, aliyekuwa akiuza mjini siku za mapumziko. Jumamosi moja mwigizaji wa sehemu ya mlevi hakufika. Mwalimu alitaka mtu asimame tu pale ili wengine wapate wa kumwangalia. Mama Karimi akaweka birika chini, akasimama. Halafu akatembea.

Mwalimu Gichovi ameniambia kwamba walevi wote aliowahi kuwaona jukwaani walikuwa wanayumba makusudi. Huyu alikuwa anajitahidi kutembea wima. Alikuwa na adabu nyingi sana. Aliinua mguu kwa heshima kana kwamba ardhi ni mtoto aliyelala. Watu walicheka, kisha kukawa na kimya, kisha wakacheka tena. Chai ilipoa.

Akaanza kwenda kila Jumamosi bila birika. Koti kuukuu la Njiru na kofia yake alivificha ndani ya mfuko wa unga. Majirani wa Dallas, mtaa wa Embu alikokuwa amepanga chumba, aliwaambia anaenda kwenye chama cha akina mama. Mimi niliambiwa ni maombi. Sikuamini. Mjane anayetoka Jumamosi na kurudi amechangamka, mimi najua hayo ni maombi ya aina gani. Nikamuuliza wazi, "Ni nani huyo mwanaume?" Akaanza kulia. Hapo nikajua si mwanaume, maana kwa mwanaume mtu halii mapema hivyo.

"Cucu," akaniambia, maana wote huniita nyanya kwa lugha ya huku, "naona haya hata kukutajia. Umri huu, mjane, mama wa msichana wa kuolewa, na mimi navaa suruali napepesuka mbele za watu. Na nikimaliza natamani nianze tena."

Nikamwambia haya ni ya mwizi. Aliitikia kwa heshima, na haya yake akaondoka nayo vilevile.

Sasa nieleze mchezo wenyewe, kwa sababu ndio uliomletea yote. Mlevi anarudi nyumbani. Anamkuta ng'ombe amefungwa uani, anadhani ni mkewe. Anamvulia kofia. Anamwomba msamaha kwa upole, anamwahidi ataacha pombe Jumatatu, anamuuliza kama watoto wamekula. Ng'ombe anacheua tu. Mlevi anasema, "Asante kwa kunielewa," na analala miguuni pake. Ni hayo tu. Kule Mbeere kila mtu aliyeona aliuliza swali moja: huyo si Njiru? Maana Njiru alikuwa akifanya hivyo hasa. Mama Karimi alikuwa akimsikia kutoka ndani, usiku baada ya usiku.

Kuna mtu alipiga video kwa simu ukumbini. Ikatoka Embu, ikapanda Chuka, ikafika Meru, ikarudi. Ilipomfikia Kithaka, ndugu mkubwa wa marehemu, alikuja hadi kwenye lango la shule hii. Hakupiga kelele. Kithaka ni mzee wa kanisa. Alisema tu, "Umemfufua ndugu yangu ili achekwe." Mama Karimi aliinama akatazama viatu vya Kithaka mpaka vikaondoka.

Na wakati huo Karimi, binti yake wa pekee, alikuwa amepata mchumba. Kijana anaitwa Mwenda, kwao ni Maua, watu wa miraa, watu wa heshima. Siku ya ruracio ikapangwa, wageni waje na mahari kule nyumbani kwa Njiru. Kithaka kama baba mkubwa ndiye aliyekuwa msimamizi. Akaita kikao cha familia akasema: hawa wakwe wana simu. Wakimwona huyu mama watasema tunawaoza binti wa mwanamke anayevaa suruali na kulewa. Watageuza magari. Kwa hiyo waambiwe mama ni mgonjwa, na mke wangu, Mama Nthiga, akae kwenye kiti chake.

Karimi alikuwa kwenye kikao hicho. Aliulizwa. Akasema ni sawa.

Mama Karimi alikubali haraka kuliko wote. Alisema, "Wacha nipike. Kupika ndiko najua."

Basi tukaenda kumsaidia, sisi wapishi wa shule hii, na mimi na magoti yangu nikaenda. Jiko lilikuwa la mabati nyuma ya nyumba, hema likiwa mbele, na mabati hayafichi neno. Tulimsikia Mungu akiombwa, tukasikia wakwe wakiimba langoni, tukasikia wazee wakirushiana mafumbo. Tukaponda mukimo. Mama Karimi alikuwa amevaa gauni lake la zamani na aproni ya shule. Kila wimbo wa shangwe ulipopanda, aliponda kwa nguvu zaidi.

Ikafika wakati wa bwana harusi kumtambua msichana wake. Joyline anasema niwaeleze wasomaji wasio wa huku: wasichana kadhaa hufunikwa leso kutoka kichwani hadi chini, wapangwe mstari, kijana achague. Akikosea, analipa faini na watu wanamcheka mwaka mzima. Na aliyefunikwa haongei. Hakohoi hata. Sauti ikitoka chini ya leso, mchezo umeharibika, na nyumba ya msichana ndiyo inayotozwa.

Lakini kabla Mwenda hajaanza kuchagua, nyanya yake alisimama. Bibi mdogo wa mwili, Nyanya Kaari, meno machache, na mkononi alikuwa amebeba blanketi, zawadi ya mama wa msichana. Alisema yeye ni mzee, miguu inauma, atoe lake kwanza akae.

"Mama ni nani?"

Kithaka akajibu kwa sauti ya kanisani. "Mama wa mtoto ni mgonjwa, nyanya. Mke wangu atapokea. Kwetu mke wa ndugu ni mama."

"Hata kwetu," akasema Nyanya Kaari. "Lakini blanketi ni la mwenye baridi, na mgonjwa ndiye mwenye baridi. Amelala wapi nimfunike?"

"Amelazwa. Embu mjini."

"Si tumepitia hapo tukija? Mwenda, washa gari."

Watu wakacheka. Kithaka akasema hospitalini hawaruhusu wageni wengi. Nyanya Kaari akasema yeye ni mmoja, tena mwembamba. Kithaka akasema saa za kuona wagonjwa zimepita. Nyanya akasema atamngojea daktari amwombe, kwani daktari hana nyanya? Kicheko kikazidi, na kila kilipozidi sauti ya Kithaka ilipungua.

Jikoni Mama Karimi aliacha mwiko. Akaangalia huku na huku. Akavuta magunia ya viazi yaliyokuwa matupu, akaanza kuyatandika sakafuni.

Nikamuuliza, "Unafanya nini?"

"Nilale," akasema. "Wakija wanikute mgonjwa. Shemeji asiwe mwongo mbele ya wageni."

Nikamwambia, "Ukilala hapo nakumwagia maji haya ya viazi, na yamechemka."

Ndipo tukasikia sauti ya msichana kutoka mbele, imezibwa na nguo.

"Mama si mgonjwa. Mama yuko jikoni."

Karimi. Chini ya leso. Halafu msemaji wa wageni, mzee mmoja mcheshi aitwaye Mwongera, akaruka juu: "Aliyefunikwa ameongea! Faini! Faini!" Watu wa Maua wakapiga makofi. Wetu hakuna aliyecheka. Mwenda hakuwa na haja ya kuchagua tena. Alienda moja kwa moja akamfunua, akamkuta Karimi analia, wanja umefika shingoni.

Nyanya Kaari hakungoja hayo. Alikuja jikoni na fimbo yake na blanketi lake. Wasichana wa pale wakamzuia, wakimwambia mkwe haingii jikoni. Akawaambia, "Nipisheni, mimi nimezaa kuliko nyinyi wote." Kithaka alikuja nyuma yake, nyuma ya Kithaka Mama Nthiga, nyuma yao nusu ya hema.

Mama Karimi alifunika uso kwa aproni.

"Ni wewe yule wa ng'ombe," akasema Nyanya Kaari.

"Ni mimi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mjukuu alinionyesha kwenye simu nikamwambia arudie hadi betri ikaisha. Niambie kitu kimoja. Huyo mlevi ulimtoa wapi?"

Sote tulijua angeweza kujibu kwamba ni mchezo tu, ni hadithi ya Mwalimu Gichovi. Kithaka alikuwa pale mlangoni anamwangalia, na macho yake yalikuwa yanaomba jibu hilo. Mama Karimi alishusha aproni. Uso ulikuwa na mukimo.

"Alikuwa mume wangu," akasema. "Ndugu wa huyu shemeji. Hakuwahi kuniinulia mkono. Aliniogopa kwa sababu ya aibu, akawa anamwomba ng'ombe. Mimi niko ndani nasikia na sikutoka hata siku moja kumwambia nimesikia. Simcheki, nyanya. Nikivaa koti lake ndipo namwona."

Nyanya Kaari aliliangalia blanketi.

"Wangu mimi," akasema, "hakuomba msamaha hata kwa ng'ombe."

Akamtupia Mama Karimi blanketi mabegani, juu ya aproni na uchafu wote, akalivuta likakaa vizuri, kama anavyofungwa mtoto. Mama Nthiga ndiye aliyeanza vigeregere. Nampa sifa hiyo, alikalishwa kwenye kiti kisicho chake na hakukipigania.

Tulitozwa kondoo wawili, mmoja kwa binti aliyefunikwa akaongea, mmoja kwa mama aliyefichwa. Mzee Mwongera alisema tangu aanze kwenda kwenye ruracio hajawahi kuona nyumba inayoficha mtu asiye wa kuchaguliwa. Kithaka aliwatoa kondoo wake mwenyewe. Aliwashika kamba akiwa ameinamisha kichwa, na hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa na hamu ya kumwangalia mwenzake. Nyama ililiwa. Haikushuka vizuri.

Jioni Karimi alikuja jikoni na gauni lake la ruracio. Alitaka kusema. Mama yake hakumwacha aseme, na hakumwambia amemsamehe. Alimpa waya wa kusugulia, akamwonyesha sufuria kubwa, wakaingiza vichwa humo wote wawili wakasugua. Sisi tulitoka nje.

Msidhani haya yake iliisha siku hiyo. Wanaotunga hotuba hupenda kusema mtu alizaliwa upya. Huyu hakuzaliwa upya, alizaliwa mara moja tu kule Mbeere kama watu wengine. Mpaka leo, kabla ya kupanda jukwaani, Mama Karimi anashika ukuta na kusema hawezi, watu watamwonaje. Mwalimu Gichovi humngojea. Kisha anaenda. Ameenda Chuka, ameenda Meru mjini, ameenda Maua kwenyewe, ambako Nyanya Kaari alikaa kiti cha mbele na kuwaeleza walioketi naye kwamba huyo mlevi ni mkwe wake.

Kithaka alikuja kutazama mara moja, Embu. Alikaa nyuma. Ng'ombe alipoingia, Kithaka alitoka. Tulisema basi, amekasirika tena. Mchezo ulipokwisha tukamkuta nje amesimama karibu na tangi la maji. Alimwambia Mama Karimi kwamba koti la ndugu yake limekatika kifungo, na haifai ndugu yake aonekane hivyo mbele za watu. Wiki iliyofuata alileta kifungo kwenye bahasha. Hajarudi kutazama. Lakini kifungo alileta.

Kuanzia Desemba Mama Karimi ataongoza kikundi chake mwenyewe, hapo hapo Dallas, cha wanawake waliovuka miaka arobaini. Wameshajiandikisha muuza mitumba, nesi, na mama mmoja anayefunga miraa ambaye amemwambia mumewe anaenda kwenye chama. Mumewe akisoma hapa, ajue ni kweli, ni chama.

Shule inakushukuru, Mama Karimi, kwa kila sahani. Wasichana uliowalisha sasa wana wasichana wao, na wengine wako humu madarasani wakilalamika juu ya githeri kama mama zao. Wapishi wenzako wanakushukuru kwa asubuhi zote ulizozifanya fupi. Mimi nakushukuru kwa jambo dogo: mimi na ukali wangu wote, nilisimama jikoni kwa Njiru nikiponda viazi siku nzima, nikijua umefichwa, na kinywa changu kikangoja msichana aliye chini ya leso. Hujawahi kunitajia hilo. Ninajua umeliona.

Nenda sasa, binti yangu. Haya yako nenda nayo, usikae mlangoni ukingoja iishe, maana haiishi, na jukwaa halina haja iishe. Mungu akupe afya na magoti mazuri kuliko yangu, akujazie ukumbi, na watu wakucheke mpaka walie, nawe uwaangalie usoni wakilia.